Chupa ya Mamamkwe

Tuseme hili mapema lisije likatusumbua mbele: Profesa hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ni rahisi kumsimulia. Unamtaja, watu wanaguna, mnaendelea na safari. Huyu alimpenda shangazi yake kupita kiasi, na yote yaliyompata Shangazi yaliingilia mlango huo huo wa mapenzi.

Uprofesa wenyewe ulikuwa wa kubandikwa. Alipokuwa mdogo alizoea kufungua kila kilichokuwa na skrubu, kisha akashindwa kukirudishia, na Shangazi ndiye aliyeanza kumwita hivyo siku alipoikuta redio yake imelala mezani vipande vipande. Jina likamganda. Baadaye alisoma kweli, akasomea kemia, akaajiriwa kwenye kiwanda kidogo kinachotoa mafuta na viini vya majani kwa ajili ya watengenezaji wa sabuni na dawa. Lakini profesa hajawahi kuwa, na redio ile haijawahi kuimba tena.

Mama yake alifariki mapema, na baba yake, ambaye ni kaka wa Shangazi, alikuwa mtu wa kazi za mbali. Kwa hiyo Shangazi ndiye aliyemlea. Alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, na mtoto alifanyia hesabu zake chini ya meza ya kukatia, katikati ya mabaki ya vitambaa. Akianguka na kuchubuka goti, Shangazi alivuta droo ya kulia ya cherehani, akatoa chupa ya spiriti aliyokuwa akisafishia mashine, akalowesha kitambaa na kumpangusa, huku akimwambia anyamaze kwa sababu goti halina masikio. Kisha alirudi kukanyaga cherehani yake kama vile hakuna kilichotokea.

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja iliyojulikana mtaa mzima. Mume wa Shangazi alikuwa mlevi, tena mlevi wa kuokotwa, na siku alipofungashiwa virago Shangazi alizikusanya chupa zake zote akazimwaga kwenye mfereji wa nje, mtoto akichungulia dirishani. Akasema pombe haitavuka tena kizingiti chake maadamu yeye anapumua. Mtoto aliyashika maneno hayo kama alivyoyasikia, akakua nayo, akayabeba mpaka kazini.

Miaka ikaenda, vidole vya Shangazi vikaanza kuvimba kwenye maungio. Kwa fundi cherehani hilo si jambo la kusema pole ukapita. Sindano ilimponyoka, mkasi ukamwia mzito, na asubuhi alihitaji kuloweka mikono kwenye maji ya moto kabla ya kuweza kufunga vifungo vyake mwenyewe. Vidonge vya hospitali vilimtuliza vidole vikamchafua tumbo, ikawa kila siku anachagua leo aumwe wapi.

Kilichomsaidia ni kichaka kilichojiotea nyuma ya bafu. Majani yake yalikuwa manene, yenye harufu kali na uchungu wa kumkunja mtu uso hadi shingoni. Shangazi alikiita Mamamkwe, kwa sababu, alisema, ukiwa naye huwezi kutabasamu lakini nyumba inasimama. Aliyachemsha majani hayo bila saa wala kipimo. Pua ndiyo iliyomwambia: harufu ikipanda ikajaa sebuleni, dawa imeiva. Alikunywa kikombe asubuhi na kingine jioni, macho ameyafumba, na mara nyingine kikombe kilirudi kilikotoka. Lakini vidole vilifunguka, na mlio wa cherehani yake ukasikika mpaka barabarani.

Siku moja Profesa alimkuta ameinamia sinki, machozi yanamtoka kwa kutapika. Roho ikamuuma. Akamwambia amwachie yeye. Kule kazini kuna mtambo, atamletea kichaka kizima ndani ya chupa, awe anaweka matone machache chini ya ulimi, basi. Shangazi alicheka, akasema aliyeshindwa na redio leo anataka kumfungua Mamamkwe. Alisema hivyo, lakini wakati huo huo alikuwa amekwisha kuchukua kikapu na kwenda nyuma kuchuma.

Mtambo wenyewe haukuwa na sura ya kutisha: mitungi ya chuma nene imesimama wima, mabomba membamba, saa za presha, na pampu inayokoroma kutwa. Unasaga majani makavu, unayashindilia ndani ya mtungi, unafunga. Halafu unaleta gesi, ile ile inayotoa mapovu kwenye soda, unaibana kwa nguvu nyingi na kuipasha joto kidogo mpaka inafika mahali haijijui tena kama ni gesi au ni maji. Hapo ndipo kazi inapoanza. Inapenya ndani ya jani kama hewa, inayeyusha kama kimiminika, inatoka imebeba mafuta na harufu. Ukiipunguzia presha kwenye chombo cha pili, inaangusha ilichobeba na kuondoka zake. Hakibaki hata kivuli cha kemikali. Profesa aliweza kuueleza mtambo huo mpaka chakula kikapoa mezani, na mara nyingi kilipoa.

Ila gesi hiyo ina tabia yake, naye aliijua vizuri. Inapenda mafuta na harufu tu. Vile vitu vichungu, ambavyo maji ya moto huvitoa kwenye jani bila ubishi, inavipita kama watu waliogombana wanavyopishana sokoni. Ukitaka itoke navyo, lazima uichanganyie spiriti, nayo ni pombe kali, ambayo baadaye unaifukuza kwa joto mpaka isibaki ila chembe isiyoonekana.

Chumba cha pili alifanya kazi dada mmoja ambaye kila mtu alimwita Mpimaji, kwa sababu hakuna kitu kilichotoka kwenye mtambo bila yeye kukipima kimebeba nini. Alipoona majani yale na kusikia ni ya nini, alileta chupa ya spiriti mwenyewe akaiweka mezani. Profesa akamrudishia.

"Huyu mgonjwa wangu hataki pombe kabisa," alisema.

"Umemuuliza?"

"Namjua."

Mpimaji alimtazama kidogo, akainua mabega, akachukua chupa yake na kuondoka.

Namjua. Neno dogo, na kinywani mwa mtu anayependa linasikika tamu kweli. Angeweza pia kuyachemsha majani yale kwa maji, kama Shangazi, kisha akayakausha maji yake kuwa unga; lakini hilo halikuhitaji mtu kusoma, na Profesa alitaka chupa itoke kwenye mtambo. Akawasha pampu.

Walipofungua chombo cha pili, harufu iliwatoa watu ofisini. Kilichokuwa ndani ni mafuta mazito ya rangi ya dhahabu iliyokolea, na kila aliyenusa alisema ni kama kuingiza kichwa ndani ya kichaka. Profesa alitembea siku nzima amevimba kichwa. Jioni Mpimaji akamwita. Harufu imo yote, alimwambia, lakini uchungu karibu wote umebaki kwenye makapi. Ulichonacho hapa ni manukato mazuri. Profesa akajibu kwamba ataangalia.

Hakuangalia. Alikuwa amekwisha kuahidi kwamba mwisho wa wiki atakuwa nyumbani na chupa. Akajiambia labda harufu nayo ina kazi yake mwilini. Akajiambia hii ni ya kuanzia tu, ya pili ataitengeneza vizuri. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada, na wakili mkuu huwa ni yeye mwenyewe. Makapi aliyabeba kwa mikono yake mpaka kwenye pipa la taka, yakiwa bado ya kijani, akayamwaga humo.

Shangazi aliifungua chupa. Aliipeleka puani, akaiondoa, akairudisha. Pua ile iliyokuwa ikimwambia siku zote kwamba dawa imeiva ilimwambia hivyo tena, na safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Akasema huyu ni Mamamkwe mzima mzima, amekunjwa akatiwa chupani. Akadondosha matone chini ya ulimi, akangoja uso ukunjamane, haukukunjamana, akacheka kama msichana. Kisha akauliza jambo moja tu, kama kuna cha kuogopa humo ndani. Profesa akamwambia hakuna, hata tone la pombe halimo. Alilisema hilo kwa fahari, na lilikuwa kweli tupu. Shangazi akaguna, akasema sawa.

Mtaa mzima uliiona ile chupa. Kila mteja aliyekuja kupimwa sare alinusishwa kwanza. Jirani yake, Mama Mapacha, alisema alinusishwa mara nyingi hadi akaanza kuja amejiziba pua. Mtoto wangu, Shangazi aliwaambia, amemtia mamamkwe kwenye chupa. Wenu wamewashinda hata mlangoni.

Profesa aliporudi kumtembelea, alienda nyuma kunawa mikono akakuta kisiki. Kichaka kilikuwa kimekatwa chini kabisa, na pembeni yake pamesakafiwa, pamewekwa benchi na paa dogo la bati kwa ajili ya wateja kungojea. Shangazi alimwonyesha kama mtu anayeonyesha chumba kipya. Cha nini kichaka tena, alisema, wakati mwenyewe yumo chupani?

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Angesema tu, Shangazi, ngoja, bado sijaimaliza ile dawa, na wangetafuta majani kwingine, na yeye angepata aibu ya jioni moja, aibu ya kuchekwa kuhusu redio. Lakini benchi lilikuwa jipya, na Shangazi alikuwa na furaha kubwa. Profesa akasema limekaa vizuri. Tangu siku hiyo, akikumbuka kisa hiki, haukumbuki mtambo wala pipa la taka. Anakikumbuka kisiki.

Baada ya hapo kazi ikamchukua. Chupa ya pili, ile ambayo angeitengeneza vizuri, aliitengeneza kama ya kwanza, kwa majani makavu aliyokuwa amebakiza kiwandani, kwa sababu alikuwa na haraka, na ya tatu vile vile, akizituma kwa mtu aliyekuwa akienda huko. Kwenye simu aliuliza vidole vinaendeleaje, na Shangazi akajibu vinacheza. Profesa aliamini, maana alitaka kuamini. Waliongea hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja akimpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa, na tofauti ni kwamba mmoja wao alijua kilichokuwa ndani ya chupa na mwingine hakujua.

Kumbe Shangazi aliona vidole vinarudi kuvimba. Hakuilaumu dawa hata kidogo. Alijilaumu yeye: labda anasahau, labda anaweka kidogo, labda ni umri. Akaongeza matone. Na hakutaka kumwambia mtoto, asije akadhani kazi yake haina maana.

Aliyepiga simu ni Mama Mapacha. Hakuwa na maneno mengi siku hiyo, naye ni mwanamke wa maneno. Alisema njoo umwone shangazi yako, usimwambie kwamba nimekuita.

Profesa alifika mchana. Kitu cha kwanza kilichomgutua ni kimya. Alikuwa amezoea kuisikia nyumba kabla ya kuiona. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Shangazi alikuwa ameketi mezani, kikombe amekishika kwa viganja vyote viwili, na vidole vyake vimejikunja kuelekea ndani, kila kimoja upande wake. Mezani kulikuwa na shati moja la shule lililokwisha kila kitu isipokuwa vifungo. Na kwenye dirisha, zimeoshwa na kupangwa kwa unadhifu wa fundi, zilisimama chupa zake zote tupu. Alikuwa amezitunza. Alisema hakuona sababu ya kutupa kitu kilichotoka kwenye mikono ya mwanawe.

Profesa alimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Daktari alivigeuzageuza vidole, akauliza kwa nini walichelewa, na hakungoja jibu. Alisema ataweza kuupunguza uvimbe na maumivu, atampa vidonge vingine visivyogombana na tumbo. Kunyooka, hapana. Maungio yameshaharibika, vidole vimeganda hivyo. Shangazi alimshukuru, akamuuliza kama kushona kutawezekana hata kidogo kidogo. Daktari akamwangalia Profesa, kama watu wanavyofanya wanapotaka mwingine alibebe neno, kisha akatikisa kichwa.

Waliporudi nyumbani Profesa hakukaa. Alisimama karibu na dirisha la chupa.

"Dawa haikuwemo, Shangazi," alisema. "Kwenye chupa. Ilikuwa harufu tu."

Shangazi hakuinua kichwa. "Umejua lini?"

"Tangu ile ya kwanza."

"Tangu ile ya kwanza," Shangazi alirudia, polepole, kama anayepima kitambaa.

Profesa akamweleza. Alimweleza kuhusu gesi isiyopenda vitu vichungu, kuhusu Mpimaji na makapi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alieleza kwa ufupi. Alisema ili dawa itoke kwenye jani ilihitaji spiriti, na yeye asingethubutu kuleta pombe ndani ya nyumba hii, kwa sababu aliona kwa macho yake jinsi chupa zilivyomwagwa mferejini na alisikia kiapo kile. Alisema alifanya hivyo kwa heshima yake.

Shangazi aliielekezea cherehani kidevu.

"Vuta droo ya kulia," alisema.

Profesa alifunua shuka, akaivuta. Chupa ilikuwemo, pamoja na kitambaa chake, mahali pale pale ilipokuwa siku zote.

"Hiyo ni nini?"

"Spiriti."

"Imekaa humo tangu hujaota meno. Nimekupangusia magoti, nimesafishia mashine, nikijidunga sindano napaka. Mimi nilimkataa mlevi, mwanangu. Sasa dawa ningeikatalia nini?" Alijaribu kukigeuza kikombe kwa kidole kimoja, kikamshinda, akakiacha. "Ungeniuliza."

Hakufoka, wala hakulia, na Profesa alitamani afanye moja kati ya hayo, apate pa kuomba msamaha. Aliomba hata hivyo. Alisema nisamehe, akasema tena, na Shangazi akajibu ameshasikia. Kusikia si kusamehe, na wote wawili walilijua hilo. Alijuta pale aliposimama: kwamba chupa ile ilikuwa hatua chache kutoka alipokuwa akila kila siku ya utoto wake, kwamba alijua harufu yake kuliko harufu ya kitabu chochote, na kwamba alimlinda Shangazi dhidi ya kitu ambacho Shangazi alikitumia kumlindia yeye. Na swali lenyewe lilikuwa jepesi hata Mpimaji, ambaye hakuwahi kukutana na Shangazi, aliliona.

Baadaye Shangazi alimwambia, kwa sauti ya kazi, kwamba mashine itashika kutu ikikaa hivyo, aisafishe. Profesa aliisafisha kwa spiriti, chuma kwa chuma, naye akimwelekeza kwa kidevu. Akimaliza, kuna lile shati. Mwenye mtoto atalifuata kesho na shule imefunguliwa. Vifungo vimo kwenye kopo.

Profesa aliketi kwenye kiti cha Shangazi cha kushonea, ambacho hajawahi kukikalia. Sindano aliitia uzi baada ya kuhangaika, Shangazi akitazama pembeni ili asimharakishe. Kifungo cha kwanza alikiweka pale alipoona panafaa, akashona, akakaza, akainua shati kumwonyesha.

Shangazi aliunyosha mkono kukirekebisha, kama alivyofanya maisha yake yote. Mkono ulifika, vidole havikufunguka. Wote wawili waliviangalia. Akaurudisha mapajani.

"Fumua," alisema.

Profesa alifumua. Alikaa na kifungo kiganjani, sindano mkononi, na mashimo ya vifungo yamejipanga mbele yake kuanzia shingoni hadi kwenye pindo. Alikuwa ameshaanza tena kudhani anajua. Akasita.

"Shangazi, nianzie juu au chini?"

Shangazi alimtazama kwa muda, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Juu," alisema. "Anzia shingoni, ndipo utajua kama linakaa sawa."

Akaanzia shingoni.